Jinsi ya kupanga storibodi ya katuni ndani ya Blender na laptopu ya kawaida tu

Wengi wetu huku Kisumu tukianza animesheni tunakimbilia kuunda karakta, mtu anakaa na nywele na kope wiki na wiki, alafu akifika kwa hadithi yenyewe hajui kamera itakaa wapi. Geuza hiyo kazi. Anza na storibodi, yaani mpango wa hadithi shoti kwa shoti (shoti ni kipande kimoja kamera inaonyesha bila kukatwa), na uifanye ndani ya 3D kwa maboksi ya sura mbaya, manake ukishajua shoti unazohitaji ndo utajua ni nini cha kuunda na ni nini hakitawahi kuonekana hata siku moja.

Natumia Blender ju ni ya bure, ni programu huria tangu 2002, na kila kitu kiko humo ndani, 3D, ile kalamu ya kuchora inaitwa Grease Pencil, na mahali pa kuunganisha video na sauti. Kama kuna mtu anakwambia hiyo ni ya kuchezea, mwambie filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya animesheni 2025 ilitengenezwa nayo, na mwelekezi wake Gints Zilbalodis hakuchora storibodi kabisa, alikuwa anaingia na kamera ndani ya mandhari ya 3D na kutafuta shoti humo humo. Sisi tutafanya kitu cha kati kati.

Tuchukue hadithi ndogo ya mfano. Nyanya anakaa Dunga, anamtuma mjukuu apeleke ndoo ya omena soko la Kibuye kwa tuktuk, bata wa jirani anaiona ile ndoo, anaanza kuwafukuza. Basi. Kabla hujawasha laptopu andika kila shoti kwa karatasi, sentensi moja moja, na ukiona sentensi ina "alafu" ndani yake igawe, hizo ni shoti mbili.

Sasa fungua Blender na urekebishe vitu viwili kwanza. Laptopu nyingi za mtumba hazina zile namba za pembeni ya kibodi na Blender inazitumia sana, kwa hivyo ingia Preferences, upande wa Input, uwashe Emulate Numpad, namba za juu zitafanya hiyo kazi. Cha pili ni fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinapita kila sekunde. Inakuja na 24, TV za huku zinatumia 25, chagua moja na usiiguse tena, manake ukibadilisha katikati sauti na picha zitaanza kuachana na utatafuta makosa mahali hayako.

Alafu maboksi. Hapa usiwe mvivu na vipimo hata kama sura ni mbaya, ju kamera inajua ukubwa tu, haijui urembo. Boksi ya Blender inaanza na mita 2 kila upande. Tuktuk ya kawaida ni kama mita 2.6 kwa urefu, 1.3 kwa upana na 1.7 kwenda juu, mtoto wa miaka kumi mpe mita 1.35, bata sentimita 40 na ndoo 35 hivi. Ukishavuta boksi bonyeza Ctrl A uchague Scale, ndio Blender ichukue huo ukubwa mpya kama wa kawaida, isikusumbue baadaye. Kichwa cha mtoto ni mpira, mwili ni boksi, na weka kipembe kidogo mahali pua inafaa kuwa, ju bila hiyo hakuna mtu atajua anaangalia wapi. Bata ni mipira miwili na mdomo. Barabara ni bapa moja refu, vibanda vya kando nakili kwa Alt D, hiyo haijazi memori vile nakala za kawaida hujaza. Na usidownload modeli ya nyumba nzuri ya bure, ukishaiweka utaanza kupiga kamera ili nyumba ionekane.

Sasa kamera, hapa ndo kazi yenyewe iko. Kila shoti na kamera yake, usitumie moja unaihamisha hamisha. Zipe majina ya kuruka kumi kumi, SH010, SH020, SH030, ndio siku ukitaka kuongeza shoti katikati unaiita SH015 na hakuna jina lingine linabadilika. Tembea na skrini mpaka uone kile unataka kuona, alafu Ctrl Alt 0, kamera inakuja pale ulipo. Lakini chunga sana: hiyo amri inahamisha kamera iliyo kazini kwa wakati huo, si ile umetoka kuongeza, kwa hivyo kwanza chagua kamera mpya ubonyeze Ctrl 0 ndio iwe ya kazi. Ukiruka hiyo hatua SH010 yako itahamia kwa SH020 kimya kimya. Ukimaliza kuipanga nenda kwa taimulaini, ule mstari wa muda chini ya skrini, simama kwa fremu ambapo shoti inaanza, weka alama na M, alafu Ctrl B, kamera inafungwa na hiyo alama. Ukicheza sasa shoti zinakatika zenyewe, na kurefusha shoti ni kusogeza alama tu.

Kwa mipangilio ya kamera kuna kitu inaitwa Passepartout, ni ule weusi nje ya fremu, ipandishe mpaka 1. Jicho linapenda kudanganywa na vitu viko nje ya picha.

Lenzi inaanza na milimita 50 (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta vitu karibu), na watu wengi wanaiacha hapo filamu nzima, sijui kwa nini. Jaribu shoti ya bata akiiona ndoo. Weka kamera sentimita 20 kutoka chini na lenzi ya 24, sogea karibu, bata anakuwa mkubwa ka jambazi na tuktuk iko mbali kule nyuma ndogo kabisa. Sasa rudi nyuma hatua nyingi na uweke 85, bata abaki ukubwa ule ule kwa fremu. Ghafla tuktuk imekuja mgongoni kwake, mbio zinaonekana za karibu, ndoo anaweza kuifikia. Bata ni yule yule na barabara ni ile ile, ila hadithi ni mbili tofauti. Kwa karatasi ungechora moja tu na usingejua nyingine iko.

Kitu kingine 3D inakusaidia kushika mapema ni upande wa kamera. Chora mstari kichwani kufuata barabara, tuktuk inatoka Dunga inaenda Kibuye, yaani inapanda kaskazini. Ukiweka kamera upande wa mashariki inatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Shoti inayofuata ukiruka upande wa magharibi bila sababu, itaonekana imegeuza inarudi kwa nyanya, na bata anaonekana anakimbia kukutana nayo badala ya kuifuata. Kaa upande mmoja. Ukitaka kuvuka, vuka kwa shoti moja ya mbele au ya nyuma kabisa, ama kamera itembee ivuke mtu akiona.

Na huo upande wa mashariki haukuchaguliwa ovyo. Omena huvuliwa usiku kwa taa, zinafika ufuoni asubuhi, kwa hivyo hadithi yetu ni ya asubuhi na jua liko mgongoni mwa kamera, sura zinaonekana poa. Hadithi hiyo hiyo ukiipeleka jioni jua linashuka upande wa pili, kila mtu anakuwa kivuli cheusi. Saa sita nayo, huku kwetu karibu na ikweta, vivuli vinajificha miguuni na sura zinakaa bapa. Weka taa moja ya jua, tumia EEVEE, ile njia ya haraka ya Blender ya kuonyesha mwanga, zungusha mpaka upate saa yako.

Kwa mijongeo, usianimeti. Mkao wa kwanza, mkao wa mwisho, labda mmoja wa kati, alafu chagua keyfremu zote, yaani alama za hiyo mikao kwa taimulaini, ubonyeze T uweke Constant, vitu viruke kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Ukiacha viteleze vyenyewe utaanza kupenda ule mteleze na utapoteza siku nzima ukiurekebisha. Sura za uso chora na Grease Pencil juu ya kichwa, nyusi mbili na mdomo zatosha.

Sauti usingoje. Rekodi maneno yote na simu, hata sauti ya bata fanya mwenyewe omera, nani anakuangalia, weka kwa Video Sequencer na ukate shoti kufuata sauti. Utashangaa shoti uliyoipa sekunde tano inahitaji mbili, na ile nyanya anaangalia tuktuk ikienda inataka kukaa zaidi ya vile ulidhani.

Kutoa video usirenda kamili, yaani usitoe picha za ubora wa mwisho, laptopu itapika. Tumia render ya viewport kwa menyu ya View, hiyo inanasa tu kile unaona kwa skrini, na kwa Metadata washa Burn Into Image uchague fremu na jina la kamera, ndio mtu akikutumia voice note kwa WhatsApp akisema "pale SH040 sijaelewa" unajua ni wapi. Mpe mtu ambaye hajui hadithi na usimweleze chochote. Sevu faili kwa jina jipya kila unapobadilisha kitu kikubwa, stima huku inaenda bila kuaga.

Video ikishakubalika, pitia shoti moja moja na karatasi, andika ni nini kinaonekana na kwa ukaribu gani. Kwa hii yetu tuktuk haionekani upande wa kushoto hata mara moja, basi huo upande usiuunde. Mkono wa mtoto ukishika ndoo uko karibu sana SH060, huo unataka vidole vya kweli. Vibanda vyote vibaki maboksi yenye rangi.