Kabla hujanunua kigari cha mtoto, pima njia yako kwanza

Wamama wenzangu mnaosubiri kujifungua, na wababa mnaojiandaa pia, naomba tuongee kuhusu kigari cha mtoto, ile strola ya kusukuma, maana hiki ni kitu watu wengi tunakinunua kwa macho. Unapita zako Kariakoo unakiona kimewekwa mbele ya duka, kina kofia nzuri, kitambaa cha kijivu, vimidoli vinaning'inia, moyo unayeyuka unalipa. Mimi mtoto wa kwanza nilifanya hivohivo, nikatoa laki na ishirini nikiwa na mimba ya miezi saba, na tunakaa Tabata ndani huko, kutoka getini kwetu mpaka lami ni dakika saba kwa mguu na zote ni mchanga na kokoto na mtaro mmoja wa kuvuka kwenye ubao. Siku ya kwanza kukitumia kilienda hatua chache tu tairi za mbele zikazama mchangani zikageuka pembeni, nikasukuma hakiendi, nikamtoa mtoto nikamfunga mbeleko na kigari nikakivuta nyuma yangu mpaka nyumbani, jua la saa tano. Niliumia sana kwa sababu hela ile ilikuwa ya kujifungulia tumeidunduliza.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa kabla hata hujauliza bei, tembea njia zako. Namaanisha toka nyumbani kwa miguu nenda kule utakakoenda na mtoto miezi ya mwanzo alafu angalia chini unakanyaga nini. Na miezi ya mwanzo hamna safari nyingi jamani, kwetu pwani mtoto anakaa ndani mpaka arobaini, hata wale wasiofuata sana hiyo mila mama mwenyewe bado ana kidonda hataki kuzunguka. Safari ya kwanza ya maana kwa wengi ni kliniki ya wiki ya 6, ile ya chanjo, ambayo ukihesabu ni siku ya 42 yani arobaini imeisha tu mnatoka. Baada ya hapo wiki ya 10, wiki ya 14, na katikati kuna kupima uzito. Ndio maana nawaambia watu hamna haraka ya kununua kigari ukiwa na mimba, hela ya mimba iende kwenye mambo ya kujifungua, kigari una siku 40 zote za kutafuta kwa utulivu ukiwa umetuma mtu mwenye macho.

Njia ikishajulikana, tairi inajichagua yenyewe. Kama unakaa kwenye maghorofa ya NSSF au Upanga au sehemu yenye lami na pevingi mpaka mlangoni, vile vigari vyepesi vyenye vitairi vidogo vya plastiki viwiliviwili vinakufaa na wala usijibebeshe mzigo. Ila kama ni mchanga, vumbi, matope ya masika, tafuta tairi kubwa nene, za nyuma ziwe kubwa zaidi, na za mbele ziwe na loki ya kuzizuia zisigeuke pembeni, maana kwenye mchanga tairi inayogeukageuka ndio inayochimba. Kuna zile za upepo kama za baiskeli, zinalainisha mashimo mtoto hatikisiki sana, na zikipata pancha fundi baiskeli wa mtaani anaziba, ila kabla hujalipa angalia mdomo wa kujazia upepo kama pampu ya fundi inaingia. Kuna nyingine za sponji ngumu hazina upepo ndani, hizo pancha hamna. Za plastiki tupu kwenye kokoto zinamtikisa mtoto mpaka unamuonea huruma.

Sasa hili la pili ndio kubwa kuliko yote na ndio watu wengi hawalijui. Mtoto mchanga anatakiwa alale kabisa, chali, mgongo umenyooka. Shingo yake haijakaza, ukimkalisha wima au nusu wima kichwa kinaangukia mbele, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa, na hapigi kelele wala nini, ananyamaza tu wewe unajua kalala. Kwahiyo kigari cha mtoto mchanga lazima siti yake ilale flati kabisa au kiwe na kile kitanda chake cha kuweka juu. Vile vya kukaa tu, hata kama kina rangi ya kichanga na picha ya kidubu, subiri mpaka mtoto akae mwenyewe bila kushikiliwa, wengi inakuwa kwenye miezi 6 hivi. Muuzaji atakwambia "huyu weka mto nyuma anakaa vizuri", kataa. Mto mgongoni mwa mtoto mchanga unamsogeza mbele zaidi, ndio kabisa. Na wale mnaopata seti zenye kile kiti cha gari kinachochomekwa juu ya kigari, ni kizuri kwa safari ya gari lakini sio kitanda cha kumuacha humo mchana kutwa, Uingereza wataalamu wanashauri mtoto asizidi saa 2 kwenye kiti hicho na yule mchanga kabisa muda mfupi zaidi, ukifika mtoe umlaze.

Hapohapo niseme, hata kwenye kigari kizuri mtoto hatakiwi kukaa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 wamesema mtoto chini ya mwaka asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mkupuo, na wametaja vigari na wakataja mpaka kubebwa mgongoni. Hii mwambie na dada wa kazi, maana ni rahisi sana mtoto kuwekwa kwenye kigari asubuhi akasahaulika humo kwa sababu katulia.

Mikanda. Iwe ile ya sehemu tano, mabega mawili, kiuno pande mbili, na mmoja unapita katikati ya miguu. Wa kiunoni peke yake hautoshi, mtoto akianza kujisukuma anachuruzika chini. Funga ufungue mwenyewe pale dukani mara kadhaa, kile kifungio kikiwa kinahitaji nguvu za mwanaume basi siku moja utakuwa peke yako na mtoto analia hutaweza. Breki nayo usiulize, jaribu, weka kigari kwenye mteremko au sukuma kwa nguvu breki ikiwa imekanyagwa, kikisogea acha. Na usizoee kutundika kikapu cha sokoni kwenye mshikio, siku ukimtoa mtoto kigari kinapinduka nyuma, au kinapinduka naye humo. Mzigo ukae kwenye kikapu cha chini.

Joto sasa. Dar mwezi wa 12 mpaka wa 3 mnaijua. Kofia ya kigari iwe pana inayoshuka, iwe na dirisha la wavu la kupitisha hewa, na kitambaa kisiwe cheusi wala kile kizito chenye manyoya ndani, vile vimetengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Alafu kuna tabia tunayo, na tunaifanya kwa upendo, mtoto kalala unafunika kigari chote na kanga ili jua lisimchome. Tafadhali usifanye. Ndani hewa haizunguki, joto linapanda haraka kuliko nje, na wewe humuoni. Kivuli tafuta cha mti au sogeza kofia. Kile cha plastiki cha mvua hivohivo, mvua ikikatika toa.

Chandarua cha kigari ndio kitu kidogo ambacho mimi ningekununulia hata kama zawadi. Watu wanawaza mbu wa usiku wa malaria, lakini mbu wa dengi anauma mchana, na Dar dengi tulishaipata 2014 na 2019. Chandarua kinapitisha hewa, mtoto unamuona. Kama kigari hakina chake nunua kipande cha neti fundi cherehani akuwekee lastiki pembeni, ila kiwe kimevutwa vizuri kisilegee kikamfikia usoni.

Tuje kwenye mitumba maana ukweli ndiko wengi tunakonunua, na mimi siwakatazi, cha mtumba kizuri mara nyingi kina tairi bora kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Ukienda Karume nenda mchana kwenye mwanga. Kikunjue mwenyewe ukikunje mwenyewe mara tatu, sikiliza, kile kilio cha "tak" loki inapoingia lazima uisikie, kisha kikandamize kwa juu kwa nguvu zako kama unataka kukikunja bila kugusa loki, kikilegea kile kinaweza kujikunja na mtoto ndani. Pitisha kidole kwenye mabomba yote utafute kutu, hasa kwenye maungio na nati, na sisi wa karibu na bahari kutu inakula haraka. Nusa kitambaa, ukungu una harufu yake hata wakipuliza pafyumu. Chungulia chini ya siti, huko ndio kuna mabaki ya biskuti na vidoadoa vyeusi. Uliza kama kitambaa kinavuliwa, maana kisichovulika hutakiosha vizuri. Vuta kila mkanda, angalia ulikoshonewa. Zungusha tairi moja moja kigari kikiwa juu, ikiyumba jua bushi imekwisha.

Na bawaba, pale kinapokunjika. Vile vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli vilianza na Mwingereza mmoja, Owen Maclaren, mwaka 1965, alikuwa injinia wa ndege, alishafanya kazi kwenye miguu ya tairi ya ndege ya vita ya Spitfire ile inayojikunja ikiruka, ndio akatumia akili hiyohiyo kwa kigari cha alumini cha mjukuu wake. Kampuni hiyohiyo ya Maclaren mwaka 2009 ilitangaza kuvirekebisha vigari kama milioni 1 Marekani kwa sababu bawaba ziliwakata watoto ncha za vidole wakati kigari kinakunjuliwa, wakagawa vifuniko vya kuziba pale. Nawaambia hivi kwa sababu mtumba unaweza kuwa wa kabla ya hapo na hamna aliyekuwekea kifuniko. Kigari cha kampuni yoyote, kama kidole chako kinaingia kwenye maungio, cha mtoto kitaingia pia, basi sheria ya nyumbani iwe mtoto anakaa mbali mpaka kigari kimekunjuliwa na loki imelia. Angalia pia kibandiko kwenye bomba, ukiona EN 1888 hiyo ni standadi ya Ulaya, ASTM F833 ni ya Marekani, inakuonesha angalau kilitengenezwa kwa kufuata vipimo. Vingi vina na kilo mwisho anazotakiwa kuwa nazo mtoto, isome.

Usafiri. Kama unapanda bajaji, mwombe dereva pale kijiweni ujaribu kama kigari kikikunjwa kinaingia nyuma ya siti, dakika moja tu. Daladala kigari kikubwa sahau, konda hana pa kukiweka na wewe una mtoto mkononi. Mwendokasi pale vituoni unaingia usawa na sakafu ya basi hamna ngazi, mchana kukiwa hamna foleni unaingia vizuri tu, asubuhi na jioni watu wanavyosukumana sikushauri hata kidogo. Na kama unakaa ghorofa ya tatu hamna lifti, beba hicho kigari dukani kwa mkono mmoja upande nacho ngazi. Vyepesi vina kama kilo 6 au 7, seti kubwa zinafika hata 14, na wewe umetoka kujifungua, kama ni kwa opereshen ndio kabisa hutakiwi kunyanyua vitu vizito wiki za mwanzo. Pima na mlango wa nyumba, wengine wanafika nacho hakipiti.

Anayesukuma ni nani? Mume wangu mrefu, mshikio ule wa kwanza ulikuwa chini anainama mgongo unamuuma, akaacha. Bibi wa mtoto hakuwa anaiona breki iko wapi. Mshikio unaopanda na kushuka ni mzuri, na kila atakayekishika afundishwe siku moja, breki, mikanda, kukunja.

Na ukipima njia ukaona haipitiki, usinunue, kweli kabisa. Mbeleko na kitenge vimetulea sote, na mtoto mchanga ukimbeba mbele uso wake uwe wazi unauona, karibu na unapoweza kumbusu kichwani. Hela ya kigari iweke mpaka mtoto akae mwenyewe, hapo hata kile chepesi cha bei ndogo kitakutosha kwa sehemu zenye lami.

Ukishakipata, vua kitambaa fua kwa sabuni ya kawaida, anika juani mpaka kikauke kabisa na ndani, kaza nati, tia grisi kidogo kwenye tairi. Alafu chukua sembe kilo 5, ndio karibu uzito wa mtoto wa wiki 6 aliyenenepa, ulaze pale, ufunge mikanda, usukume mpaka kliniki urudi. Saa ileile ambayo utaenda siku ya chanjo. Mimi mtoto wa pili nilifanya hivo na dada yangu, tukagundua pale kwenye mtaro inabidi watu wawili wakinyanyue, mmoja mbele mmoja nyuma, kwahiyo siku ya wiki ya 6 tukatoka wawili.