Kupima miR-210 na miR-141 kwenye uvimbe wa figo

Mwanafunzi wa uzamili alinijia na sahani tatu za PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike. Zote zilionyesha miR-210, mojawapo ya mikroRNA (RNA fupi zinazodhibiti jeni), kwenye mzunguko wa 35, yaani karibu haipo, uvimbe na tishu nzima (isiyo na saratani) sawasawa, ilhali ni saratani ya figo ya seli angavu, ambamo miR-210 hupanda. Sampuli hizo mgonjwa huzitoa mara moja tu, kwa hiyo soma hatua ya 2 kabla hujafungua kichupa.

1. Kata kipande cha uvimbe na cha tishu nzima, mgonjwa yuleyule. Tishu nzima itoke gamba la nje la figo. Sehemu ya ndani ina oksijeni kidogo kiasili, na miR-210 huwashwa na HIF, protini inayorundikana oksijeni ikipungua au jeni ya VHL ikiharibika, kama inavyotokea mara nyingi katika saratani hii.

2. Toa RNA. Hapa ndipo sahani zile tatu zilipoharibikia. MikroRNA ina herufi kama 22 tu. Ukifuata maelekezo ya kawaida ya kolamu ya silika (kichujio kinachonasa RNA), yaani ethanoli ya 70% kwa ujazo uleule, RNA ndefu hunasa na fupi hupita chini, nawe unazimwaga. Tumia ethanoli halisi, mara 1.5 ya ujazo wa sampuli, na bafa ya kwanza ya kuoshea iwe ya RNA fupi. Usidanganywe na kipimo cha wingi: RNA nyingi ni ya ribosomu, kwa hiyo namba itapendeza hata kama mikroRNA zimekwisha. Ndiyo maana mimi huongeza cel-miR-39, mikroRNA ya mnyoo ambayo binadamu hana. Iongeze baada ya dawa ya kuyeyushia tishu, kamwe si kabla, maana vimeng'enya vya tishu vitaikata. Ikichelewa kutokea kwenye PCR, shuku kolamu kwanza. U6, RNA ya seli yenyewe inayotumika kulinganishia, peke yake siiamini: ina herufi zaidi ya 100, haipotei kwa kiwango kimoja na mikroRNA.

3. Tengeneza cDNA, yaani DNA inayonakiliwa kutoka RNA, kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia unakili) zenye kitanzi.

4. PCR, visima vitatu kwa kila sampuli.

5. Linganisha uvimbe na tishu nzima. Tarajia miR-210 ipande na miR-141 ishuke. miR-141 ikishuka, protini ZEB1 na ZEB2 hukosa wa kuzizuia, nazo huzima E-kadherini, gundi inayoshikanisha seli. Seli zikiachana, zinaweza kuhama. Kama miR-141 haikushuka, muulize mpatholojia kipande kile kilikuwa na seli za saratani kiasi gani.