Mwaga maji ya filta, dizeli yako ipone
Ndugu zangu wa Tanga wenye Land Cruiser kuukuu za injini ya dizeli ya 1HZ, masika haya msilaze gari tangi likiwa nusu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Usiku bati la tangi likipoa, unyevu ule unageuka maji, na maji ni mazito kuliko dizeli, yanatuama chini. Yakifika kwenye pampu inayosukuma dizeli kwenye injini, kutu inaanza, maana pampu ile inalainishwa na dizeli yenyewe.

Kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hujawasha, kinga chupa nyeupe inayoonyesha ndani chini ya filta, legeza koki, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta taratibu. Acha chupa itulie: maji chini, dizeli juu, mstari unaonekana kabisa. Rudia mpaka itoke dizeli tupu. Kaza koki kwa vidole, halafu bonyeza tena mpaka pampu iwe ngumu.

Mimi nilipuuza, gari likanizimikia kwenye kona za Amani, mvua inanyesha, watoto wamo ndani.

Na ukitoka mchangani Pangani, osha chasi kwa maji matamu siku hiyohiyo, hasa matundu ya ndani.