Kubadilisha shafti za mbele nyumbani, kwenye mchanga wa Tabora

Shafti za mbele, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu, hapa Tabora nyingi huuawa na mchanga. Mpira wa sivijointi (kiungo chenye gololi kilicho kwenye ncha ya shafti) ukichanika, grisi hurushwa nje kila gurudumu linapozunguka, mchanga wa njia za Isevya au Kiloleni huingia mahali pake, na gololi husagika mpaka zianze kucheza. Ukikuta mpira umepasuka lakini jointi bado iko kimya, usinunue shafti. Ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, ijaze grisi nyeusi ya molibdenamu na uivishe mpira mpya. Grisi ya kawaida ya bearing haifai hapo.

Hakikisha kwanza ugonjwa ni huo. Kata usukani mpaka mwisho, endesha polepole ukikanyaga mafuta: mlio wa ka-ka-ka-ka ni jointi ya nje, ya upande wa gurudumu. Gari likitetemeka unapoongeza mwendo barabara ikiwa imenyooka, kisha likatulia ukiachia mafuta, shuku jointi ya ndani, ya upande wa giaboksi. Mvumo unaopanda na spidi bila kujali mafuta mara nyingi ni bearing, na shafti mpya haitauondoa.

Dukani nenda na namba ya chesisi, na ikiwezekana shafti yenyewe. Hesabu meno ya ncha zote mbili, pima urefu, angalia kama yako ina ringi ya ABS (breki za kuzuia magurudumu yasijifunge). Kwenye Toyota IST na Vitz giaboksi iko kushoto, kwa hiyo shafti ya kulia ndiyo ndefu. Shafti used ya Japani yenye mpira mzima na jointi isiyocheza ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Nunua pia sili ya giaboksi, nati mpya ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu) au spliti pini inayozuia nati isifunguke, na oili ya giaboksi. Kwa automatiki yenye stiki ya kupimia, aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye stiki yenyewe. CVT, yaani automatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, ina oili yake. Usiichanganye na ATF, oili ya automatiki ya kawaida.

Mchanga haubebi jeki. Weka ubao mnene, wa mninga ukiupata, chini ya jeki na chini ya kila stendi, na ukingie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kabla ya kuinua gari, legeza nati ya habu, msaidizi akikanyaga breki. Toyota nyingi ndogo hutumia soketi ya 30. Chomoa spliti pini, au kama ukingo wa nati umegongewa kwenye shafti, uinue kwanza kwa tindo. Usipofanya hivyo utakwangua uzi wa shafti.

Inua gari, likalishe kwenye stendi, toa tairi, kisha osha eneo lote linalozunguka sili ya giaboksi. Mchanga ukiingia humo umejiletea kazi kubwa zaidi. Mwaga oili na uipime kwa chupa, ili urudishe kiasi kilekile. Achanisha boljointi ya chini na mkono wake, vuta habu nje, sukuma shafti itoke. Ikigoma, rudisha nati mpaka isawazike na ncha ya shafti, ndipo ugonge kupitia kipande cha mti.

Upande wa ndani, ingiza mtaimbo mdogo kati ya jointi na giaboksi, ukwanyue kwa mshtuko mmoja. Usivute shafti yenyewe: jointi ya ndani itaachana na shafti itabaki mkononi. Badilisha shafti moja kwanza, imalize, ndipo uende ya pili. Na gari lisishushwe kwenye gurudumu lisilo na shafti, maana bearing itaharibika.

Gonga sili mpya sawasawa pande zote, paka mdomo wake oili. Pengo la klipu iliyo kwenye ncha ya shafti litazame chini. Ingiza shafti ikiwa imenyooka, kwa sababu meno yakikwaruza sili, oili itaanza kudondoka baada ya siku chache. Sukuma mpaka usikie klipu ikidaka, kisha vuta jointi ya ndani: icheze kidogo, isitoke. Rudisha ncha ya nje kwenye habu, funga boljointi na tairi.

Nati ya habu kwenye Vitz na IST hukazwa Nm 216, nayo hukazwa gari likiwa chini na breki imekanyagwa. Huna spana ya kupimia? Vaa bomba kwenye mpini, lielekee kushoto sambamba na ardhi, shika mita 1 kutoka katikati ya nati kwa mizani ya ndoano ya kupimia magunia, uvute juu mpaka isome kilo 22 au 23. Tundu la spliti pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usirudishe nyuma. Nati ya kugongea, gongea ukingo wake sasa.

Rudisha oili, endesha kilomita chache, kata kona pande zote mbili, kisha lala chini uangalie sili. Kagua tena kesho yake asubuhi.