Imeili imejaa >>> na =20? Isafishe hivi

Mimi nipo Mwanga hapa Kigoma, napokea oda za dagaa kwa imeili naziingiza kwenye eksel, sasa oda ikishafowadiwa mara tatu nne kati ya mteja na dalali inakuja na > > > kila mstari, =20 zimezagaa, na neno limekatwa katikati, "Kibiri=" huku juu halafu "zi" mstari wa chini. Zamani nilikuwa nafuta kwa mkono aisee, hata hamu ya chai inaisha.

Piga kopi ya faili ya imeili kwanza (hapa naiita oda.eml). Halafu usikimbilie kufuta zile >, anza na hizo =, maana siyo uchafu, ni usimbaji unaoitwa quoted-printable, wenyewe mstari hauruhusiwi kuzidi herufi 76 ndiyo maana unakatwa na kuwekewa = mwishoni. =20 ni nafasi tu. Na ukikuta ng=E2=80=99ombe usishtuke, ni ng’ombe wa kawaida kaandikiwa kwenye simu. Ukifuta = kwa sed (amri ya kutafuta na kubadilisha maandishi) hapo umeharibu, rudisha kila kitu mahali pake na perl, nayo unaiandika kwenye terminal:

perl -MMIME::QuotedPrint -pe '$_=decode_qp($_)' oda.eml > a.txt

Sasa ndiyo toa zile > (kwenye Linux):

sed -E 's/\r$//; s/^(> ?)+//' a.txt | cat -s > b.txt

Hiyo \r ni mkia wa Windows, cat -s inabana mistari mitupu ibaki mmoja mmoja.

Kama kuna tagi za HTML hapo ndo pana mtego, mimi uliniuma. Mstari ulikuwa hivi:

Oda: <b>Gunia 12</b> za Kibirizi, <i>Jumamosi</i>

Nikapiga s/<.*>//g nikabaki na "Oda: " peke yake, gunia zote 12 zimeliwa, kwa sababu .* ni mlafi, inaanzia < ya kwanza haisimami mpaka > ya mwisho kabisa ya mstari. Mwambie asivuke > yoyote:

sed 's/<[^>]*>//g' b.txt > c.txt

Ila hii inakula na anwani ya mtumaji ikiwa ndani ya < >, kama unaihitaji ichomoe mapema.

Kabla hujapeleka eksel piga diff a.txt c.txt | less (inakuonyesha tofauti za mafaili mawili, ukurasa kwa ukurasa), pitisha macho kwenye mistari yenye namba tu, salamu hata zikipotea hakuna atakayedai.