Saratani haiponi tena, sasa unaishije? Haya ndo ninayofanya mimi

Habari zenu wapendwa. Nina saratani ya titi, stage ya nne, imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, huu ni mwaka wa pili tangu niambiwe kwamba dawa ninazopewa ni za kunipa muda na nafuu, sio za kuponya. Kila nikienda kliniki sikosi dada mgeni kwenye benchi ananiuliza mwenzetu unawezaje, na mi namjibu haraka haraka maana foleni inatembea. Leo nimepata nguvu wacha niandike kwa urefu.

Anza na maumivu. Usijisumbue kutafuta sababu ya kuishi wakati mgongo unawaka moto, haiwezekani, mtu mwenye maumivu makali hasikii dua wala hamsikii mtoto wake anayemsemesha. Mi nilikaa miezi mitatu nauma meno usiku, eti najikaza, kisa nilisikia mofini, ile dawa kali ya maumivu, ni dawa ya kufia. Sio kweli kabisa. Ulizia hospitali kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, na usisubiri hadi uwe wa kubebwa, tiba shufaa inaanza hata siku unayopewa majibu. Dar tuna Ocean Road, Mwanza kuna Bugando, Moshi KCMC, walio Nairobi wana Nairobi Hospice tangu 1990 na Kampala kuna Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa 1993 na dokta Anne Merriman, hao ndo waliofanya mofini ya maji ya kunywa ijulikane sana huku kwetu.

Hiyo mofini ya maji kwa kawaida inanywewa kila baada ya masaa manne, kwa saa, sio mpaka uumie ndo ukimbilie chupa. Mi nimeweka alamu kwenye simu. Dozi ya kulala daktari anaweza kukuongezea ili usiamke katikati ya usiku, muulize, usijiongezee mwenyewe. Siku za mwanzo utasinzia sana na kichefuchefu kitakuwepo, vinapungua, ila choo kuwa kigumu hakuishi, kwahiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo unayoandikiwa mofini (hili hakuna aliyeniambia, nililijua kwa mateso). Chupa ikae mbali na watoto. Na kama ni maumivu ya mfupa ulizia mionzi, mi nilipigwa mara moja tu kwenye nyonga, baada ya wiki kama mbili nikaanza kutembea hadi uani bila kushika ukuta.

Pili, uliza ukweli mwenyewe. Mwanzoni ndugu zangu walikuwa wanaitwa ndani na daktari mi nimeachwa nje, wakitoka wananichekea, nikawa najua kuna kitu na nakiogopa peke yangu. Siku moja nikasema leo naingia mimi na baba watoto tu. Niliuliza maswali matatu: hii dawa inaponya au inapunguza, nikiiacha itakuwaje, na nikizidiwa usiku nimpigie nani. Kama unataka kujua muda waambie wakukadirie ni miaka, miezi au wiki, na kama hutaki kujua sema hutaki, nayo ni haki yako. Nililia siku hiyo jamani, lakini usiku wake nililala.

Sasa tumaini. Kupona bado naomba, Mungu hashindwi, sijaacha. Lakini nilikuwa nimeliweka tumaini langu lote hapo, kila skani ikija mbaya naanguka na ninabaki sina kitu. Nikaanza kuwa na matumaini mengine yenye tarehe. Nifike Ramadhani nipike futari hata ya siku moja, nimefika. Mtoto wa mwisho afanye mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa nikiwepo kumfungia mkanda asubuhi, nilikuwepo. Sasa hivi nasubiri maembe ya Desemba, usicheke, mi ni mtu wa Tanga na embe nalijua. Likifika moja unatafuta lingine, liwe la wiki chache, likipita bila kutimia basi litakuuma kidogo ila hutavunjika.

Hapa kwenye kazi naomba mnielewe vizuri maana ndo kilichoniinua. Ukishaambiwa haiponi, watu wanaokupenda wanakunyang'anya kila kitu. Sufuria wanakunyang'anya, fagio wanakunyang'anya, hata mchele huchambui, wewe pumzika mama, pumzika. Wana huruma, siwalaumu. Mi nilikuwa mhasibu wa kikoba chetu, akina mama ishirini na mbili, wakakaa wakachagua mwingine bila kuniambia ili nisisumbuke. Nililia kuliko siku ya majibu. Nikampigia mwenyekiti nikamwambia dada, hivi nyie mnafikiri titi ndo linapiga hesabu? Akanyamaza, Jumamosi iliyofuata wakaja wote na daftari, tangu hapo kikao kinafanyika kwangu, mi nipo kitandani kwenye mto, wanasoma hisa na mi naandika.

Kwahiyo tafuta kazi moja ambayo usipoifanya kuna mtu ataulizia. Isiwe ya kupewa ili ujisikie vizuri, utaijua tu. Kusikiliza mjukuu akisoma, kusuka ukili, kuwapigia wagonjwa wenzako kuwakumbusha tarehe ya kliniki, chochote. Na mwili ukipungua nguvu usiiache hiyo kazi, ipunguze. Mkono wangu wa kushoto ndo ninaoandikia na umevimba, siku nyingine kalamu haishikiki, basi binti yangu anaandika mi nakagua, na sasa anajua riba, anajua faini, juzi kakamata kosa langu la elfu kumi mbele ya watu. Nilifurahi hadi nikasahau saa ya dawa.

Kwa watoto, wasemeshe. Miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wanaishi na VVU walikuwa wanaandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, ukoo wao, siku mtoto alipozaliwa, vitu kama hivyo. Mi mvivu wa kuandika mambo ya moyoni, narekodi kwenye simu. Jinsi nilivyokutana na baba yao, bibi yao alikuwa anapikaje bada na kisamvu, kwanini nilimpa huyu jina hili. Rekodi fupi fupi, dakika tatu, na kopi moja mpe dada au kaka yako maana simu zinaibiwa.

Wosia andika mapema ukiwa na akili timamu, kwa Tanzania RITA, wakala wa serikali, wanatunza, na kwa Waislamu tukumbuke unausia mwisho theluthi ya mali na mrithi hausiwi, muulize shekhe. Ukishamaliza utashangaa unavyopumua.

Wageni wa kukuletea mizizi na kukuambia hujaamini vya kutosha, wape chai. Ila kiwanja usiuze kwa ajili ya chupa ya mtu wa mtaani, na kila unachokunywa mwambie daktari.

Kuna siku hamna kinachowezekana. Kemo imekulaza, hutaki mtu, hutaki hata taa. Siku hiyo kunywa dawa kwa saa, lowanisha mdomo, mwambie mmoja tu wa nyumbani kwamba leo ni siku mbaya, kisha geukia ukutani ulale. Daftari litasubiri mpaka Jumamosi.