Onyo la kabla ya kuingia kwenye Linux
Ukitaka seva ioneshe ujumbe wako kabla mtu hajaandika jina lake, hariri faili la /etc/issue. Humo \n huleta jina la mashine, \l jina la terminali, na \4 anwani ya IP. Hiyo \4 ni tamu kwa mashine isiyo na skrini ya kudumu: unachomeka skrini, unasoma anwani, basi.

Wanaoingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, hawatauona ujumbe huo. Kwao weka ujumbe kwenye /etc/issue.net, andika Banner /etc/issue.net ndani ya /etc/ssh/sshd_config, kagua mipangilio kwa sudo sshd -t, kisha pakia upya huduma ya SSH. Ila SSH haitafsiri alama hizo, itazichapa zilivyo. Na toleo la mfumo liondoe kwenye ujumbe. La nini kumtajia mtu ambaye hata hajabisha hodi? Ujumbe wa /etc/motd ndio huonekana akishaingia.